Kidhibiti nilikiweka nyuzi 26, maji nikayakuta 34: kosa lilikuwa wapi?

#1 Kidimbwi
Wakuu, salamu. Naomba msaada wa kufikiri, kwa sababu nimelifikiria jambo hili kwa siku tatu na kila jibu ninalolipata hutokea jambo la kulikanusha.

Nina tangi la lita 180 lenye mimea na samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hita ni moja, ya wati 300, nayo imechomekwa kwenye kidhibiti joto cha nje chenye kihisi chake cha waya. Kidhibiti nilikiweka nyuzi 26. Themostati iliyomo ndani ya hita yenyewe niliizungusha hadi mwisho ili isigombane na kidhibiti. Taa zinaendeshwa na taima ya kidijiti yenye betri ndani, na gesi ya kaboni dioksidi ya kulisha mimea hufunguliwa na vali ya umeme iliyochomekwa kwenye taima ya zamani, ile ya gurudumu lenye vijino. Filta ni ya nje, nayo hufanya kazi saa zote.

Nilisafiri siku nne. Niliporudi nilisikia joto la maji kabla hata ya kufika kwenye tangi. Nilichomoa plagi kuu ukutani kabla ya kutia mkono majini, jambo ambalo naamini lilikuwa sahihi, ila lilininyima nafasi ya kuona kioo cha kidhibiti kilikuwa kinaonyesha nini. Kipimajoto cha kioo kilisoma 34. Neon tetra wote wanane walikuwa wamekufa, na kamba wote pia. Samaki wengine, gurami wawili na korido wanne, walikuwa hai, wakipanda juu kuvuta hewa. Kihisi nilikikuta kinaning'inia nje ya tangi, lakini siwezi kuapa kwamba si mimi niliyekivuta nilipokuwa nikizitoa nyaya kwa haraka. Taima ya gurudumu ilikuwa nyuma kwa saa tatu na dakika ishirini.

Kesho yake nilikijaribu kidhibiti kwenye ndoo ya maji, kikawasha na kuzima kama kawaida. Je, kosa lilikuwa wapi?

#2 Mwani Kijani
Pole sana, Mkuu. Taima ya gurudumu husimama umeme unapokatika na kuendelea pale ilipoachia, kwa hiyo ndiyo shahidi wako wa kwanza: katika siku hizo nne umeme ulikatika kwa jumla ya saa tatu na dakika ishirini. Anza uchunguzi hapo.

#3 Fundi Relei
Kwa maoni yangu jibu ni la kawaida mno. Ndani ya kidhibiti kuna relei, na ndani ya relei kuna ncha mbili za metali zinazogusana ili kuruhusu umeme kupita. Kila zinapoachana hutokea cheche ndogo, cheche huyeyusha sehemu ndogo ya metali, na siku moja ncha hizo hushikana kama zilizochomelewa. Kidhibiti huamuru "zima", taa yake ndogo huzimika, lakini hita inaendelea kupata umeme. Usidanganyike na jaribio la kwenye ndoo: ncha zilizoshikana kidogo huachana kwa mtikisiko tu, na wewe ulikibeba kidhibiti kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Nina relei tatu za namna hiyo kwenye kopo. Zote zilipona nilipozigonga mezani, na zote zilishikana tena baada ya wiki kadhaa.

#4 Bibi Konokono
Fundi, usikimbilie relei wakati mwenye mada amekwisha kusema kwamba kihisi kilikuwa nje. Kihisi kikiwa hewani hupima joto la chumba, chumba kina nyuzi 22 au 23, na kidhibiti, ambacho hakijui kwamba kihisi kimetoka majini, kitaendelea kuwasha hita hadi mwisho wa dunia. Hapo hakuna kifaa kilichoharibika. Kila kimoja kimefanya kazi yake kwa uaminifu.

Mimi lilinitokea kwa sababu ya samaki mnyonyaji aliyependa kulala nyuma ya kile kikombe cha mpira kinachonata kwenye kioo. Mpira ule ukikaa majini mwaka mmoja hukakamaa, na mkia mmoja tu unatosha kuubandua. Tangu hapo kihisi changu nimekifunga kwa kamba ya plastiki kwenye bomba la filta, karibu na chini, ili hata maji yakipungua kwa kukauka kisibaki hewani.

#5 Pezi la Nyuma
Ndiyo maana mimi ninatumia relei isiyo na ncha, ile ya kielektroniki. Haina cheche wala haina cha kushikana, na tatizo lote la Fundi linakwisha. Halafu nimepiga hesabu: wati 300 kwa lita 180 hupandisha joto kwa nyuzi 0.14 tu kwa saa, kwa hiyo kutoka 26 hadi 34 zingehitajika zaidi ya siku mbili mfululizo. Hilo si jambo la ajali ndogo.

#6 Nukta Saba
Pezi, umeruka desimali moja. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,186 kupanda nyuzi moja. Lita 180 zinahitaji jouli 753,000 hivi. Wati 300 ni jouli 300 kwa sekunde, yaani jouli 1,080,000 kwa saa. Matokeo ni nyuzi 1.4 kwa saa, wala si 0.14. Maji hupoteza joto kadiri yanavyozidi chumba, kwa hiyo kasi halisi itakuwa ndogo zaidi na itapungua kadiri yanavyopanda, lakini usiku mmoja unatosha kabisa.

Hapo ndipo ninapoona kosa la kwanza la mpangilio. Hita mbili za wati 75 zingetosha kwa tangi hilo ndani ya nyumba yenye nyuzi 22. Moja ikigoma kuzima, hupandisha chini ya nyuzi 0.4 kwa saa hata kama hakuna joto linalopotea, na huenda isifike mbali. Moja ikifa, ya pili huzuia maji yasipoe ghafla.

#7 Fundi Relei
Na mimi niongeze sahihisho la pili kwa Pezi, bila ubaya. Relei ya kielektroniki ikiharibika, mara nyingi huharibika ikiwa imefunga njia, yaani ikiwa imewasha. Hiyo ndiyo hali ile ile unayoikimbia. Zaidi ya hayo, hata ikiwa imezima hupitisha umeme mdogo wa miliampea kadhaa, ndiyo sababu baadhi ya taa za LED huendelea kuwaka hafifu zikiwa nyuma yake. Usidhani, basi, kwamba ikizima waya ule ni salama kushikwa. Tena hupata joto, nayo huhitaji bamba la alumini la kulitoa. Ni kifaa kizuri kwa hita inayowashwa na kuzimwa mara nyingi, lakini hakiondoi haja ya kinga ya pili.

#8 Pezi la Nyuma
Nimekubali yote mawili. Bamba la alumini ninalo, desimali ndiyo sikuwa nayo.

#9 Mwani Kijani
Turudi kwenye umeme uliokatika, kwa maana hakuna aliyeugusa. Umeme ukirudi, si kila filta huamka. Rota ya pampu ya zamani, ikiwa na uchafu kwenye ekseli au hewa ndani, hunguruma tu bila kusukuma maji. Hita nayo haijui: inaamka. Maji yasipozunguka, ya moto hubaki juu na ya baridi hukaa chini. Kihisi kikiwa chini kinaendelea kusoma 25 na kuomba joto, huku juu maji yakifika 34. Kipimajoto cha kioo, Kidimbwi, kilikuwa juu au chini?

Na kama filta ilisimama kwa muda mrefu, bakteria wa ndani yake wanaosafisha maji walikosa oksijeni na wakaanza kufa. Inawezekana samaki wako hawakufa kwa joto hata kidogo.

#10 Nukta Saba
Hilo la mwisho ninaliunga mkono kwa njia nyingine. Tazameni waliokufa na waliopona. Gurami ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Korido hupanda, humeza hewa na kuitumia kupitia utumbo. Tetra na kamba hawana njia hiyo. Orodha ya walionusurika ni orodha ya wanaoweza kupumua bila kutegemea maji, kwa hiyo muuaji ni ukosefu wa oksijeni au wingi wa kaboni dioksidi.

Sasa angalieni taima. Taa zinafuata taima yenye betri, kwa hiyo zilizimika kwa wakati wake. Gesi inafuata taima ya gurudumu, iliyochelewa saa tatu na dakika ishirini. Kwa hiyo, tangu umeme ulipokatika, kila jioni gesi iliendelea kuingia kwa zaidi ya saa tatu baada ya taa kuzimika, wakati mimea haiitumii tena na yenyewe inavuta oksijeni pamoja na samaki. Ongezeni filta isiyotikisa uso wa maji, na gesi haina pa kutokea.

#11 Bibi Konokono
Nukta Saba, hoja ni nzuri, ila maji ya nyuzi 34 yenyewe hubeba oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 25 maji yasiyo na chumvi hushika takriban miligramu 8.3 kwa lita, kwenye 30 ni kama 7.6, na 34 ni chini ya hapo, huku samaki akihitaji zaidi kwa sababu mwili wake unakwenda mbio. Orodha yako ya walionusurika inaelezwa na joto vizuri vilevile.

Halafu nina swali kwa mwenye mada. Ulisema ulichomoa plagi kuu mara tu ulipoingia. Taima ile uliisoma saa ngapi?

#12 Kidimbwi
Asanteni nyote. Nijibu kwa mpangilio.

Bibi Konokono, umenikamata. Taima niliisoma usiku kabla ya kulala, baada ya kubadilisha maji na kuwatoa waliokufa. Wakati huo plagi ilikuwa imechomolewa kwa takriban saa mbili. Kwa hiyo umeme halisi uliokatika nilipokuwa safarini ni kama saa moja na dakika ishirini. Nawaomba radhi Mwani Kijani na Nukta Saba, ambao wamejenga juu ya nambari niliyowapa bila kuikagua.

Kipimajoto cha kioo kiko juu, sentimita kumi hivi kutoka kwenye uso. Filta ilikuwa inanguruma niliposogea, hilo nalikumbuka, lakini kama ilikuwa inasukuma maji sikuangalia. Ilipowashwa tena usiku ule ilisukuma vizuri.

Jambo moja sikulisema kwa kudhani halina uzito. Kwenye soketi ile ile ya kidhibiti nilichomeka ekstensheni yenye hita pamoja na pampu ndogo ya mzunguko, ili kila hita inapowaka maji yazungushwe.

#13 Fundi Relei
Hilo halina uzito? Hilo ndilo lenye uzito wote! Hita ya wati 300 kwa volti 230 inavuta ampea 1.3 tu, na nilikuwa najiuliza ni vipi relei iliyoandikwa ampea 10 ingeshikana kwa mzigo mdogo hivyo. Nambari ile ya 10 ni kwa mzigo wa kupasha joto tu. Pampu ina koili, na koili ikikatiwa umeme hupinga kwa kutoa volti kubwa kwa kitambo kidogo sana, nayo ndiyo huzalisha cheche kali kwenye ncha. Madereva ya taa za LED nayo huvuta mkondo mkubwa kupita kiasi katika sekunde ya kwanza ya kuwaka. Vifaa hivi viwili huua relei ndogo ambazo mwenyewe anaamini hazijafikia hata robo ya uwezo wake.

#14 Mwani Kijani
Lakini Fundi, pampu ndogo hiyo ingevuruga nadharia yangu, na sitaki kuiacha kirahisi. Kidimbwi, pampu hiyo ilisafishwa lini mara ya mwisho?

#15 Kidimbwi
Sikumbuki.

#16 Mwani Kijani
Basi nadharia yangu bado inapumua.

#17 Waya Mbili
Nimesoma uzi wote na ninaona hakuna aliyezungumzia vidhibiti vya kujitengenezea, ambavyo wengi wetu tunavyo. Mimi niliandika programu ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, inayosoma kihisi cha DS18B20: joto likiwa chini ya 26, washa hita, likipita 26.5, zima. Hilo pengo la nusu nyuzi ni la lazima, la sivyo relei itapiga makofi mchana kutwa. Programu ilifanya kazi vizuri kwa miezi saba. Kisha unyevu ukaingia kwenye kiungio cha waya, kihisi kikakatika, na kikaanza kutoa joto la nyuzi 127 chini ya sifuri. Programu yangu ikalinganisha: -127 ni ndogo kuliko 26, kwa hiyo washa. Nilikuwa nyumbani, nikaikamata maji yakiwa 31.

Sasa sharti la kwanza katika msimbo wangu ni hili: somo lolote lililo chini ya 15 au juu ya 35 si joto, ni hitilafu, na hitilafu huzima hita na kupiga kengele. Sharti la pili ni kwamba hita isiwake zaidi ya saa mbili mfululizo bila joto kupanda. Hilo la pili lingemwokoa Kidimbwi kama Bibi Konokono ndiye mwenye jibu, kwa kuwa kihisi kilicho hewani hakipandi hata hita iwake namna gani. Kama mwenye jibu ni Fundi, lisingemsaidia kitu.

#18 Nukta Saba
Sahihisho dogo kwa faida ya wasomaji: kihisi chenyewe hakiwezi kutoa -127, kwa sababu upeo wake wa chini ni -55. Nambari hiyo hutolewa na maktaba ya programu, yaani msimbo wa tayari wa kukisoma kihisi, inapokosa mawasiliano na kihisi. Kihisi chenyewe kina ugonjwa wake mwingine, yaani husoma 85 kamili pale kinapopata umeme kabla ya kumaliza kipimo cha kwanza. Kwa bahati nzuri 85 huzima hita. Ila mwenye feni ya kupoza maji ataishangaa inavyovuma bila sababu.

#19 Waya Mbili
Ni kweli, nimekosea kumsingizia kihisi. Kosa lilikuwa langu na la maktaba.

Niongeze pia taima mlinzi, ile inayoiwasha upya maikrokontrola endapo programu imeganda. Iwashwe mapema, si baada ya ajali. Programu iliyoganda huiacha relei katika hali iliyokuwa nayo, na kama ilikuwa imewasha, itabaki imewasha.

#20 Mgeni wa Maji
Samahani kwa swali la mwanafunzi. Ikiwa taima hizi ni nzuri, je, na filta niiwekee taima ili ipumzike usiku?

#21 Bibi Konokono
Hapana, mwanangu. Filta si taa. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, nao wanahitaji maji yenye oksijeni yapite wakati wote. Ukiizima usiku kucha, asubuhi unawarudishia samaki maji yaliyooza. Hata umeme ukikatika kwa saa nyingi, mimi huyamwaga maji yaliyomo ndani ya filta ya nje kabla ya kuiwasha.

Taima ni ya taa, gesi, na ukipenda kifaa cha kulisha, ingawa hicho nacho hushika unyevu, chakula kikagandamana, kikadondoka chote siku moja.

#22 Kamba Kochi
Kuhusu filta na umeme kurudi: mimi nilichomeka filta kwenye plagi inayoongozwa kwa simu kupitia intaneti, ili niweze kuizima wakati wa kulisha. Sikujua kwamba plagi ile ina mpangilio unaoamua iwe katika hali gani baada ya umeme kurudi, na iliyotoka kiwandani ilikuwa "zima". Umeme ulikatika dakika tano tu, filta ikalala saa kumi na nne. Tangu hapo nimejiwekea swali moja kwa kila kifaa kabla ya kukichomeka: kidhibiti kikifa, kifaa hiki kiwe kimewaka au kimezima? Hita izime, vali ya gesi ijifunge, filta iwake. Kwa mwenye relei aliyoiunganisha mwenyewe, maana yake filta ichukue ncha inayogusana relei ikiwa imelala, na hita ichukue ile inayogusana relei ikiamshwa tu.

#23 Mzee wa Sampu
Naona vijana mnalia kwa ajili ya joto. Sisi wa maji ya chumvi tuna kifaa cha kuongeza maji yanayopotea kwa kukauka, nacho kina uwezo wa kuua kimyakimya zaidi. Swichi ya boya hushuka, pampu huleta maji yasiyo na chumvi, boya hupanda, pampu huzima. Kwangu konokono mmoja alikwenda kulala chini ya mkono wa boya. Boya halikupanda, na tangi la akiba la lita 20 likaingia lote kwenye mfumo wa lita 200. Chumvi ikashuka kutoka gramu 35 kwa kilo hadi karibu 32. Nilipoteza matumbawe mawili, nikaona nimepata nafuu.

Nafuu hiyo haikuwa bahati. Tangi la akiba ni dogo kwa makusudi, na sampu, yaani tangi la chini linalopokea maji ya mfumo, ina nafasi ya kupokea lita zote 20 bila kumwagika. Swichi zinakwama, vihisi vya mwanga hupata ukungu wa chumvi, lakini tangi tupu haliwezi kumwaga kitu. Siku hizi nina boya la pili juu ya lile la kwanza, yameunganishwa kwa mfuatano, na pampu inapitia taima isiyoiruhusu kwenda zaidi ya dakika tano kila saa.

#24 Pezi la Nyuma
Bibi Konokono, inaonekana ndugu zako wanatafutwa kwa mahojiano.

#25 Bibi Konokono
Konokono alikuwa amelala. Aliyeweka kitanda pale ni Mzee.

#26 Mzee wa Sampu
Nimepokea hukumu. Ila niongeze moja lililoniloanisha sakafu kabla ya konokono: mdomo wa mpira wa kuletea maji ukizama kwenye sampu, na maji ya tangi la akiba yakiwa juu kuliko ya sampu, pampu ikizima maji yanaendelea kuvutwa yenyewe. Swichi inakuwa imetii, maji hayajatii. Mdomo wa mpira ubaki hewani.

#27 Waya Mbili
Kabla hatujarudi kwenye kesi, Kidimbwi, je, ukutani kuna kile kikata umeme cha uvujaji, chenye miliampea 30? Ulichomoa plagi kabla ya kutia mkono, vizuri sana, lakini siku moja utasahau. Na ile ekstensheni imekaa wapi? Iwe juu, na kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande kuingia, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

#28 Kidimbwi
Kikata umeme kipo, na kitufe chake cha majaribio hukibonyeza kila mwezi. Ekstensheni ilikuwa sakafuni nyuma ya kabati. Nimeipandisha leo.

#29 Kamba Kochi
Na waya wa ethi ndani ya maji? Mimi ninao, na ninamshauri kila mtu. Hita ikipasuka, umeme unapata njia ya kwenda ardhini papo hapo na kikata umeme kinaruka kabla mkono wa mtu haujaingia.

#30 Fundi Relei
Ninapinga kwa nusu. Palipo na kikata umeme kinachofanya kazi, una hoja. Pasipo nacho, umeyapa maji njia ya kupitisha umeme wakati wote, na samaki wanakaa katikati ya njia hiyo. Tena mtu aliyeshika kifaa kingine kibovu kwa mkono mmoja na kuzamisha wa pili kwenye maji yaliyofungwa kwenye ethi, ameikamilisha saketi mwenyewe.

#31 Kamba Kochi
Ndiyo maana nilisema kikata umeme kinaruka. Sikumshauri mtu aweke ethi peke yake.

#32 Fundi Relei
Hukusema kiwepo kwanza, na anayesoma haraka hatajua. Tena kikiruka nawe uko safarini, filta inazimika pamoja na hita. Mimi nina viwili: hita na taa kimoja, pampu kingine.

#33 Kidimbwi
Nimerudi na matokeo mawili.

La kwanza: nimeichomeka hita peke yake moja kwa moja ukutani, ndani ya ndoo ya lita 20, themostati yake ikiwa bado mwisho kama ilivyokuwa, na nimeisimamia muda wote. Ilizima yenyewe maji yalipofika nyuzi 34.

La pili: nimefungua kidhibiti, kikiwa kimechomolewa. Kifuniko cha relei ni cha plastiki angavu, na ncha zina weusi upande mmoja.

#34 Nukta Saba
Jaribio la kwanza ni zuri kuliko yote tuliyoyasema. Alama ya mwisho kwenye hita nyingi ni 34, na 34 ndiyo uliyoikuta. Kwa hiyo hita yenyewe haina hatia: ilipata umeme mfululizo hadi themostati yake ikaikata, kisha ikakaa hapo. Umeme usiokatika ulitoka kwenye kidhibiti. Kama themostati ile ungeiweka 28 badala ya mwisho, leo tungekuwa na uzi mfupi sana.

#35 Fundi Relei
Na weusi kwenye ncha ndio saini ya cheche. Nadhani tumemaliza.

#36 Bibi Konokono
Hatujamaliza. Relei yoyote iliyofanya kazi mwaka mzima huwa na weusi. Kihisi kilichokuwa hewani nacho kingetoa umeme mfululizo hadi 34, na jaribio la ndoo lisingekuwa na tofauti hata moja. Kikombe cha mpira cha kihisi kikoje?

#37 Kidimbwi
Kimekakamaa. Nimekibandika kioo mara tatu, kimeanguka mara mbili.

#38 Mwani Kijani
Na katika nadharia yangu, kihisi kilicho chini kingeomba joto vilevile, na hita iliyo juu ingekatwa na themostati yake kwenye 34, maji ya chini yakiwa bado 25. Korido huishi chini. Korido wamepona.

#39 Nukta Saba
Korido waliokutwa wakipanda juu kuvuta hewa, ambao kama chini kungekuwa na nyuzi 25 na oksijeni tele wasingekuwa na haja kubwa hivyo. Kuhusu gesi, saa moja na dakika ishirini gizani ni kidogo, nakiri, na wapo wanaoiacha usiku kucha bila kupoteza samaki. Lakini hao huwa na filta inayotikisa uso wa maji. Kidimbwi, pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho hushuka gesi hiyo ikizidi, uliipima?

#40 Kidimbwi
Niliipima kesho yake, nikiwa nimeshabadilisha nusu ya maji.

#41 Nukta Saba
Basi ushahidi huo tuliumwaga kwenye bomba la maji taka.

#42 Kidimbwi
Niwaeleze nilivyopanga kwa sasa. Hita mbili za wati 75, kila moja themostati yake ikiwa 28, zote kwenye kidhibiti kipya cha nyuzi 26. Pampu ya mzunguko imesafishwa na kuhamishiwa kwenye soketi ya filta, ifanye kazi saa zote. Rota ya filta nimeibadilisha. Kihisi kimefungwa kwa kamba ya plastiki karibu na mdomo wa filta. Taima ya gesi nayo ni ya betri, na gesi inajifunga saa moja kabla ya taa. Jana nilizima umeme wa nyumba nzima kwa dakika kumi kisha nikaurudisha, na kila kitu kiliamka isipokuwa saa ya jikoni.

Kwa kuwa nimebadilisha vyote kwa pamoja, sitajua kamwe ni kipi kilichokuwa na kosa.

#43 Fundi Relei
Usiitupe relei ya zamani. Nitumie.

#44 Bibi Konokono
Na mimi nitumie kikombe cha mpira, nikiweke kando ya relei ya Fundi.